Kijani cha Mwari

"Mama, ukipepesa tena nitakutoboa jicho. Tulia."

"Nitatulia vipi na hilo dude lako limo jichoni mwangu?"

"Si dude, ni wanja. Angalia juu. Juu, mama, usiniangalie mimi!"

Cuilan akaangalia dari, vidole vya miguu vimejikunja ndani ya ndara. Mwanamke wa miaka arobaini na minne, muuza shungi anayejulikana mtaa mzima wa Bafang hapa Linxia, ameketishwa kigodani na binti yake kama mtoto anayesukwa nywele. Na cha kuchekesha zaidi, kichwani alikuwa amevaa kijani.

Sasa, kijani kwetu si rangi tu. Sisi Waislamu wa Kihui wa Linxia, ushungi wa mtu unasema kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Kijani ni cha mwari, asiyeolewa. Mweusi ni wa mwenye mume. Mweupe ni wa bibi, mwenye wajukuu na magoti mabovu. Cuilan aliuza rangi hizo tatu kwa miaka kumi na minane na hajawahi kumkosea mteja hata mmoja. Kijani chake mwenyewe alikivua siku alipoolewa, akiwa na miaka kumi na tisa, na hakukirudia hata kwa utani.

Aliyemtia kwenye mkasa huu ni huyo binti, Sumei. Sumei alikuwa mpambaji wa maharusi mjini Lanzhou, mwaka wa tatu sasa, na jana yake alirudi nyumbani na mkoba wa vipodozi mzito kuliko sanduku la nguo. Alirudi amevaa ushungi mweusi. Mweusi wa krepu, laini, umetiwa shanga ndogo ndogo pembeni kama wa wale wanawake wa Dubai anaowatazama kwenye simu.

"Umeolewa lini?" Cuilan alimuuliza pale pale mlangoni, hata salamu hajaitikia.

"Mama! Nyeusi ndiyo fasheni. Lanzhou wasichana wote wanavaa nyeusi."

"Lanzhou si Bafang. Kesho ni siku ya chai yako. Unataka watu wa Guanghe wadhani wamekuja kuposa mke wa mtu?"

Siku ya chai, maana yake ni hii: ukoo wa Mu ungekuja kutoka Guanghe na vifurushi vinane vya chai vilivyofungwa karatasi nyekundu. Chai ikiingia ndani ikapokelewa, Sumei ni wa Jianye, kijana wao, na mjadala umefungwa. Chai ikibaki garini, mtaa mzima utajua kabla nyama haijapoa mezani. Na Sumei alimpenda Jianye, alimpenda hasa, mpaka jina lake akilitaja anainamisha kichwa. Mwaka mzima kijana yule alikuwa akimbembeleza mama yake, na mama ndiyo kwanza amekubali kuja kuona.

Basi asubuhi ile wakafikia mapatano. Sumei angevaa ushungi wa kijani ambao mama yake alimshonea, wa hariri, kazi ya wiki mbili. Lakini kijani, alilalamika, kinamfanya afanane na tango. Hajui poda ipi itakwenda nacho wala rangi gani ya mdomo.

"Kaa wewe nijaribu kwako kwanza," alisema. "Ngozi yetu ni moja. Nikiona imekubali, najipaka na mimi. Wageni wanakuja baada ya sala, muda tunao."

"Adhuhuri nitatawadha, yote haya yataondoka na maji."

"Yaondoke. Nimekwambia ni ya kujaribia tu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mama kijani, binti mweusi, na saa ya ukutani inasema saa nne na nusu.

"Haya. Jione."

Cuilan alikishika kioo kwa mikono miwili. Kwanza alitafuta kosa. Hakuliona. Macho yale yalikuwa makubwa, mashavu yana uhai, mdomo una rangi ya kunazi lililoiva, na kijani kimeuzunguka uso wote kikaung'arisha.

"Huyu nani?" akauliza.

"Mama yangu."

"Wacha we!" Akacheka, akajiziba mdomo, akaona rangi imeingia kiganjani, akacheka tena. "Astaghfirullah. Sumei, hebu ona pua yangu! Kumbe nina pua!"

"Ulikuwa nayo siku zote."

"Sikuijua."

Akazunguka chumba kizima na kioo mkononi. Alijitazama kwa upande wa kulia, kisha wa kushoto, halafu ghafla, ili ajifumanie. Furaha ilimjaa mpaka akaona haya. Alitamani mtu mwingine amwone, mmoja tu, kisha anawe.

---

Nyama ya kondoo ilikuwa inachemka jikoni, ng'ambo ya ua, na povu haliondolewi na malaika. Cuilan akatoka mbio mbio na mwiko. Degui, mumewe, ndiyo kwanza anaingia langoni na mikate ya moto kwapani.

"Sumei, mwambie mama yako mikate imebaki kumi na miwili tu. Na mwambie asinigombeze, kosa ni la mwokaji."

Cuilan akageuka.

Degui ni muuza nyama. Miaka ishirini na tano anabishana na wateja na hajawahi kukosa la kusema. Pale uani alisimama, mkate mmoja ukateleza ukaanguka chini, na hakuuokota.

"Cuilan?"

"Nani mwingine?"

"Hamna. Nimeuliza tu." Lakini hakuondoka. Alisogea hatua moja, akainamisha kichwa kama anayesoma bei dukani. "Unakwenda wapi?"

"Kutoa povu kwenye nyama, Baba Sumei. Nitakwenda wapi?"

"Sawa," akasema Degui. "Basi twende tukatoe povu."

Alikuwa hajawahi kuingia jikoni kutoa povu tangu wamejenga nyumba ile. Cuilan alipomsukuma kifuani kwa mwiko, alikuwa anacheka kama mwari kweli. Na katikati ya kicheko hicho honi ikalia langoni, mara mbili, ndefu.

Ilikuwa gari ya Guanghe. Walikuja mapema kwa muda wa saa tatu nzima, kwa sababu bibi yake Jianye alikuwa amekaa garini tangu alfajiri, ushungi mweupe kichwani, akitangaza kwamba yeye ana miaka themanini na mmoja na hana muda wa kusubiri sala ya mtu mwingine.

Kwetu bibi tunamwita Anai, na Anai huyu alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili na haraka kwenye miguu yote miwili. Aliingia langoni kabla Jianye hajazima gari. Nyuma yake alifuata mkwewe, Mama Jianye, mwanamke mrefu, ushungi mweusi umevutwa mpaka karibu na kope. Sumei naye akachungulia mlangoni pa chumba chake, uso ameshajipaka, na krepu yake nyeusi ya Dubai ingali kichwani.

Anai hakuona sura. Aliona rangi. Akaenda moja kwa moja kwenye kijani, akaudaka mkono wa Cuilan, na kabla mtu hajavuta pumzi alikuwa amechomoa bangili ya dhahabu kifuani na kuisukuma, kwa nguvu zisizo za umri wake, mpaka ikapita vifundo vya vidole.

"Mashallah! Mashallah! Jianye, umepata! Mkono mzuri huu, si mlegevu. Huyu anajua kazi. Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Arobaini na minne, Anai."

"Ngapi?"

"Anai, siye!" Jianye alikuwa anakuja mbio kutoka garini, amewiva mpaka masikioni. "Siye huyo! Huyo ni mama yake!"

Mwiko wa Cuilan ulikuwa unadondosha povu kwenye kiatu cha mgeni. Alijaribu kuvua bangili, haikutoka. Akajaribu tena, akaona wanamtazama, akauficha mkono nyuma kama mwizi.

Mama Jianye hakuangalia bangili. Alikuwa anamwangalia Sumei, kuanzia shanga mpaka viatu, polepole.

"Na huyu mwenye ushungi mweusi," akauliza, "ni mke wa nani?"

---

Waliingia ndani, kwa kuwa wageni hawaachwi uani. Degui na Jianye walibaki chumba cha mbele. Wanawake walikaa chumba cha ndani, na bakuli za chai zenye vifuniko, kunazi na sukari mawe. Chai ya kuposa ilikuwa bado garini. Hakuna aliyeitaja, na wote waliifikiria.

Cuilan alieleza. Alieleza habari ya poda, ya ngozi moja, ya kujaribu, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kusikika kama uongo. Hakupata hata nafasi ya kwenda kubadilisha ushungi. Alikaa pale na kijani chake na midomo yake myekundu, anawamiminia wakwe chai, bangili ya mwanawe inagonga bakuli kila akiinua mkono.

"Sisemi neno baya," alisema Mama Jianye. "Nauliza tu, mtu akiuliza si vibaya. Binti, Lanzhou umekaa miaka mitatu?"

"Ndiyo, mama."

"Peke yako?"

"Na wasichana wenzangu wawili wa kazini."

"Na kazi yenyewe ni kupaka watu rangi."

"Kuwapamba maharusi, mama."

"Ndiyo. Rangi." Akafunika bakuli lake. "Picha uliyomtumia Jianye umeisafisha kwa simu mpaka haina hata pua, nimeshindwa kukujua. Leo nakuja, nakukuta na ushungi wa mwenye mume. Guanghe hatuvai mweusi bila sababu. Watu wataniuliza, nitawajibu nini? Fasheni?"

Sumei akainama. Chini ya poda yote ile, Cuilan aliona uso wake umepauka.

"Kwa hiyo kama hamtajali," akaendelea Mama Jianye kwa sauti ya kumwonea mtu huruma, "tukione kitabu cha kaya. Kile cha serikali. Si kimeandikwa nani ana ndoa na nani hana? Moyo utulie, halafu tuzungumze habari ya chai."

Loo! Cuilan aliwahi kutukanwa sokoni na kupunjwa na watu wa kitambaa, lakini hili lilimwingia mpaka kwenye mifupa. Mtoto wake akasomwe kwenye kitabu kama ng'ombe wa mnadani! Alitaka kusimama. Alitaka kumwambia mama huyu chukua gari lako, chukua na chai yako. Akamtazama Sumei, na Sumei alikuwa anamwomba kwa macho: usiseme, mama, tafadhali usiseme. Cuilan akameza. Akasimama kweli, lakini kwenda kabatini.

"Kaa chini!" Ilikuwa sauti ya Anai. Muda wote ule kikongwe alikuwa anatafuna kunazi, na sasa alimgeukia mkwewe na kutema kokwa kiganjani. "Wewe unataka kusoma kitabu? Wewe? Na uso wako mwenyewe umeandikwa wino! Inua ushungi basi, wakuone! Inua watu wasome hizo nyusi za bluu!"

Mkono wa Mama Jianye ulipanda wenyewe, ukavuta ushungi chini zaidi, mpaka macho nusu yakafunikwa.

Hapo Cuilan angeweza kucheka. Mungu anajua alikuwa na haki yake. Kicheko chenyewe kilikuwa kimeshafika shingoni. Lakini aliuona ule mkono unavyovuta kitambaa, na kiganja chake mwenyewe bado kilikuwa na rangi ya mdomo aliyoificha kwa aibu saa moja iliyopita. Kicheko kikarudi kilikotoka.

"Mama Jianye," akasema, "twende ukanionjee supu. Mimi leo sijui hata chumvi nimetia mara ngapi. Sumei, njoo na bakuli."

---

Jikoni kulijaa mvuke. Mama Jianye aliusukuma mlango kwa mgongo mpaka ukafunga, akasimama hapo. Supu hakuigusa.

"Kitabu kiko kabatini," Cuilan akasema. "Nitakupa ukasome polepole nyumbani kwako. Binti yangu hajaolewa."

"Achana na kitabu." Alikuwa anamtazama Sumei, safari hii usoni. Kisha akainua ushungi kutoka kwenye paji.

Nyusi zilikuwa pale. Nyembamba, zimechorwa upinde mmoja mmoja, na wino uliokuwa mweusi zamani umegeuka rangi ya sare ya shule.

"Hii inatoka?" aliuliza, na sauti ilikuwa ndogo kuliko mtu mwenyewe.

Sumei akatua bakuli.

"Jianye alikuwa na miaka minne," alisema Mama Jianye haraka haraka. "Alikuja mwanamke sokoni na sindano ya umeme. Mtaa mzima tulipanga foleni. Tulicheka siku hiyo, usiombe! Baba yake alipokuja kutoka Lhasa kwenye biashara alinitazama mpaka chai ikapoa. Mwezi wa pili imamu akasema ni haramu, ni kubadilisha alichoumba Mungu. Wenzangu wamesahau. Mimi kila nikisujudu naanza kuomba msamaha wa nyusi ndipo nawaombea wazazi wangu. Miaka ishirini na mbili! Sasa nikiona binti na rangi usoni, mwili unanisisimka. Nasema, haya, mwingine huyu."

Kisha Sumei akachukua kitambaa safi, akakichovya kwenye ndoo, akakikamua, na akajipangusa shavu, jicho na nusu ya mdomo, mara tatu, kwa nguvu. Upande mmoja ulibaki wa bi harusi wa Lanzhou. Upande wa pili ulikuwa wa msichana wa Bafang, mwenye madoa madogo puani na jicho lililochoka kwa kulia usiku.

"Yangu inatoka kwa maji, mama," akasema. "Saa ya sala ikifika uso wangu ni huu. Nikimaliza, nikipenda, napaka. Sina kingine nilichoficha."

Mama Jianye akanyoosha kidole, akagusa lile shavu tupu, akakitazama kidole. Hakikuwa na kitu.

"Na yako inatoka pia," Sumei akaendelea, na sasa aliongea kama mtu aliye kazini, ameshika kidevu cha mgeni na kukigeuzia dirishani. "Si kwa maji. Kwa mashine ya mwanga, mara tatu au nne. Rafiki yangu anafanya kazi hiyo, mkono wake mwepesi. Inachoma kidogo, kama mafuta ya kukaangia yakikurukia. Mwaka ujao hutajua kama ziliwahi kuwepo."

"Kweli?"

"Wallahi."

"Kiasi gani?"

"Kwa mama mkwe ni bure."

Mama Jianye akakitoa kidevu chake mkononi mwa Sumei. "Nani mama mkwe wako? Chai bado iko garini."

Cuilan alifumba macho. Sumei hakufumba.

"Basi kwa mgeni ni yuan mia nane kila mara moja," akasema. "Mara nne, elfu tatu na mia mbili. Na hatukopeshi."

Mwiko ulimtoka Cuilan mkononi. Halafu Mama Jianye akaanza kucheka. Alianza tumboni, mabega yakafuata, kisha kicheko kikapasuka, kikubwa, kibaya, cha mwanamke ambaye hajacheka hadharani siku nyingi. Akashika ukingo wa meza asianguke.

"Huyu!" akasema, anamwonyesha Cuilan kama vile Cuilan hamjui. "Huyu atamweza mwanangu! Huyu atamweza Anai!" Akafungua dirisha la uani kwa kishindo. "Jianye! We Jianye! Umekaa nini huko? Shusha chai!"

Uani mlango wa gari ukafunguliwa saa hiyo hiyo. Kijana alikuwa ametoka, amesimama karibu nao tangu wanawake walipoingia jikoni. Ndipo Mama Jianye akageuka, akawatazama hao wawili, mikono kiunoni.

"Na nani anaipokea? Mwenye mume kijani, asiye na mume mweusi, na nusu uso! Vueni! Badilishaneni haraka, kabla Anai hajatoka akamvisha paka hereni."

Wakavua. Cuilan alipokishusha kijani kichwani, mkono ulisita kidogo, kisha akamvika mwanawe, akamwekea mikunjo sawa mabegani. Hakufanana na tango hata kidogo. Mama Jianye alichovya vidole kwenye mafuta ya kondoo, akaivuta bangili kwenye mkono wa Cuilan mpaka ikachomoka, akaisukuma kwenye mkono wa Sumei na mafuta yake. Sumei alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na jicho moja tu ndilo lililotiririka wanja.

Vishindo vya miguu vikafika mlangoni. Cuilan alikuwa bado kichwa wazi.

"Usiingie!" wakapiga kelele wote watatu pamoja.

"Chai niiweke wapi?" Jianye akauliza kutoka nje. "Ni mizigo minane, mikono inauma. Kwani kuna nini humo ndani?"

Mama Jianye alikuwa amekwisha kuuchukua ule ushungi mweusi wenye shanga. Akamvika Cuilan, akaangalia macho yake yaliyopakwa wanja na mdomo wake mwekundu, na Cuilan akangoja aambiwe anawe.

"Nyeusi inakufaa," akasema Mama Jianye, akaanza kumfunga vifungo kidevuni.

"Subiri hapo hapo, mwanangu," Cuilan akamjibu Jianye. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Mama Jianye alisikia, akamtazama kidogo, kisha akaendelea na kifungo cha mwisho.